Kabla ya Kuniuliza Spidi, Niambie Impela Umebadilisha Lini

Kila wiki inboksi yangu inajaa swali lile lile lenye sura tofauti. "Kaka, nina Yamaha ya 15 ya zamani, nifanye nini ipige kama 20?" "Nikikwangua kichwa cha silinda nitaongeza ngapi?" "Nimeona jamaa kwa video amefunga ekzosi ya pikipiki kwa mashine ya boti, hii kitu inafanya kazi ama ni story?" Na kila wiki mimi najibu swali kwa swali: impela umebadilisha lini mara ya mwisho? Hapo ndipo mazungumzo yanapofia. Tiki mbili za buluu, kimya.

Basi leo naandika kirefu. Msimamo wangu ni kwamba mashine kuukuu za mipigo miwili tulizonazo huku Lamu hazihitaji kuongezwa nguvu hata chembe. Zinahitaji matunzo, na matunzo ndiyo kitu ambacho hatutaki kukilipia. Tunamlipa fundi kufufua maiti, na tunaipandisha abiria mashine ambayo hakuna aliyeiangalia tangu Ramadhani iliyopita.

Kwa mgeni kwenye ukurasa huu: mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilitushinda nyumbani. Nikarudi, nikaanza kushika spana chini ya ami yangu, ambaye anafungua mashine za boti tangu sijazaliwa, na mkono mwingine nikashika simu nikirekodi. Digrii sina. Kwa hivyo ukitaka kuandika "dropout unajua nini", karibu, ila soma kwanza mpaka mwisho.

Ukitaka kuelewa kwa nini mashine hizi zimekataa kufa, fungua kifuniko halafu utazame vitu ambavyo havimo. Hakuna vali. Hakuna kamshafti wala cheni ya kuizungusha. Hakuna oili inayokaa chini kama kwenye gari. Pistoni ikipanda, juu inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, na wakati huo huo chini yake inavuta mwingine uingie pale krankshafti inapozungukia, kupitia vilimi vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Plagi ikipiga cheche pistoni inashuka, tundu la ekzosi linafunuka, moshi unatoka, na ule mchanganyiko wa chini unasukumwa kupanda juu. Mzunguko mmoja, mpigo mmoja wa nguvu. Injini ya mipigo minne inataka mizunguko miwili kupata mpigo huo mmoja. Ndiyo maana kijimashine ambacho kijana anakibeba begani kutoka majini mpaka nyumbani kinaweza kusukuma boti iliyojaa watu.

Vitu vikiwa vichache, vya kuharibika navyo ni vichache, na fundi mwenye spana, bisibisi na macho anaweza kuifungua yote juu ya turubai na kuirudisha kabla ya alasiri. Hakuna laptop. Hakuna kungoja mtu atoke Mombasa.

Mashine hizi zina umri. Ole Evinrude alianza kuziuza kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Yamaha wakatoa yao ya kwanza, P-7, mwaka 1960, na leo huku pwani ukisema mashine ya boti watu wanaelewa Yamaha hata kama hujataja. Evinrude zenyewe zilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2020. Maana yake ni kwamba mwenye Evinrude kuukuu anazidi kutegemea vipuri vya mashine zilizokwisha kufa, na mtu wa namna hiyo ndiye wa mwisho kabisa anayepaswa kuifanyia majaribio ya spidi.

Najua kuna anayesubiri kunipiga na suala la moshi. Ana haki. Tundu la ekzosi na njia za mchanganyiko mpya zinakuwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, kwa hivyo sehemu ya petroli inatoka na moshi kabla haijaungua. Kwa mashine za kabureta za zamani hasara hiyo inaweza kufika robo ya petroli uliyoweka, hata zaidi. Yaani ukitia lita 20, unaweza kuwa umemwaga lita 5 baharini ukiwa umeketi unaendesha. Ndiyo sababu Marekani walipitisha kanuni za kubana mashine hizi mwaka 1996, Ziwa Tahoe likazipiga marufuku za kabureta mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya nao ukaweka kanuni zake mwaka 2003. Sisi mikoko yetu ndiyo kitalu cha samaki na kaa tunaokula. Sitajifanya kwamba harufu ya petroli juu ya maji ni harufu ya maendeleo.

Kwa hivyo mwenye uwezo wa kununua mashine mpya ya mipigo minne, anunue. Sina ugomvi naye. Lakini wengi wetu hatujafika hapo, na tusidanganyane kwamba ni suala la kuamua tu. Mpya ni ghali, ni nzito zaidi kwa nguvu ile ile, na nyingi kati ya zile kubwa zina sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Siku ikigoma, fundi anataka vifaa vya kuisoma. Tena inataka petroli safi. Nchi hii mwaka 2018 ililazimika kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na mafuta mengine, sasa wewe fikiria kilichokuwa kikiuzwa kwenye jirikeni kabla ya hapo. Kabureta ya zamani itameza uchafu, ikohoe, uifungue, uipulize, uondoke. Sindano haina utani huo.

Na mashine ya zamani iliyotunzwa inachafua kidogo kuliko ile ile ikiwa imeachwa. Plagi iliyochoka, oili iliyomwagwa kwa kukisia, kabureta iliyotibuliwa, hizo zote zinaishia majini. Anayejali bahari na anayejali mfuko wake wanaanzia mahali pamoja, kwenye oili.

Mashine ya mipigo miwili haina oili yake ya ndani. Oili inayoilinda ni ile unayochanganya kwenye petroli, basi. Mashine nyingi tulizonazo zinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli. Tangi la lita 25 linataka nusu lita, yaani mililita 500. Hesabu hii haihitaji chuo. Inahitaji chupa yenye alama, na nakuapia nimeona manahodha wenye simu za bei kali ambao wanapima oili kwa kifuniko cha chupa, kwa kopo la nyanya, kwa "mpaka rangi ikubali".

Wazee watakwambia wao walikuwa wakitia nyingi na mashine zilidumu. Ni kweli, na kuna sababu. British Seagull za zamani, kwa mfano, zilitaka sehemu 1 ya oili kwa 10 za petroli, kwa sababu zilivyoundwa ndani zilihitaji hivyo. Mzee alikuwa sahihi kwa mashine yake. Ukichukua kipimo chake ukakitia kwenye Yamaha ya juzi, plagi zinalowa, ringi zinaganda kwa masizi, na moshi unakutangulia bandarini. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: oili ikizidi, petroli inapungua kwenye kila tone linalopita kwenye jeti ya kabureta, kwa hivyo mchanganyiko wako wa hewa unakuwa mkavu zaidi. Mtu anaongeza oili akidhani anaongeza ulinzi, kumbe anaongeza joto pia.

Na iwe oili ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya injini ya gari ina viungo vilivyokusudiwa kukaa ndani ya injini, si kuchomwa pamoja na petroli. Vikichomwa vinaacha majivu, na majivu yanakaa kwenye plagi na juu ya pistoni. Oili ya pikipiki nayo si mbadala, hata kama muuzaji anakuapia.

Haya, tuje kwa nguvu sasa.

Kitu ambacho video hazisemi ni kwamba nguvu iliyofichwa mara nyingine ipo kweli. Yamaha ya 9.9 na ile ya 15 za mipigo miwili zina silinda za ukubwa mmoja, sentimita za ujazo 246. Tofauti iko kwenye jinsi zinavyoruhusiwa kupumua. Kwa hivyo mtu akibadilisha vipande vinavyotakiwa kwenye 9.9 akaipata 15, hajafanya uchawi. Amefika pale ambapo kiwanda chenyewe kilipima na kuridhika. Hiyo siipingi.

Ninayoipinga ni ile ya kuvuka hapo. Ukikwangua kichwa cha silinda, mgandamizo unapanda. Mgandamizo ukipanda unahitaji petroli inayovumilia, na petroli ya jirikeni haivumilii. Inalipuka kabla ya wakati wake, kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika, kama nyundo juu ya pistoni. Kwenye kelele ya bahari husikii. Siku moja pistoni inatoboka katikati na unashangaa. Ukipanua tundu la ekzosi unapata nguvu kule juu kwenye mizunguko mikali, unaipoteza chini, pale unapohitaji kuondoa boti iliyobeba magunia ya unga, simiti na watu. Na ukiondoa themostati kwa sababu mtu amekwambia "inazuia maji", mashine inafanya kazi baridi kuliko ilivyopangiwa, petroli haiungui vizuri, masizi yanajaa.

Halafu kuna hili la boti yenyewe, na hapa ndipo huwa nacheka peke yangu. Dau na mashua za kubebea mizigo zinapasua maji. Hazikuundwa kupaa juu yake. Boti ya namna hiyo ina spidi yake, inayotokana na urefu wake majini. Ukifika hapo, nguvu yoyote unayoongeza inageuka wimbi. Tako linazama, pua inainuka, nyuma unaacha mkondo mkubwa wa kupendeza kwa picha, na boti haijaongeza chochote cha maana. Umenunua wimbi kwa bei ya petroli. Boti za faiba zenye tumbo bapa ni habari nyingine, hizo zinapaa, lakini nazo zina kikomo, na nyingi za huku ubao wa nyuma unaoshikilia mashine umeshaoza kwa ndani. Gonga kwa kifundo cha kidole usikilize kabla hujafikiria kuongeza uzito na vishindo.

Kama kweli unahisi mashine yako haina nguvu, tazama propela kwanza. Mashine nyingi za 40 zimeandikiwa zifanye kazi kati ya mizunguko 4500 na 5500 kwa dakika ukiwa umefungua gesi yote na mzigo wako wa kawaida. Kuna vijisaa vya kupimia mizunguko ambavyo unazungusha waya wake kwenye waya wa plagi, kazi imekwisha. Funga, pakia mzigo wa kila siku, fungua gesi yote, soma. Kama haifiki hata 4000, propela yako ina mkato mrefu kuliko boti yako inavyoweza, na unaiendesha mashine kama mtu anayepanda mlima na gia ya nne. Badilisha uweke ya mkato mfupi zaidi. Nimewahi kuona boti ikibadilika tabia kwa jambo hilo peke yake. Hakuna aliyekwangua chochote.

Jamaa mmoja aliniletea mashine ndogo ya zamani ambayo propela inashikwa na pini. Pini hiyo imetengenezwa kwa chuma laini makusudi: ukigonga mwamba, pini inakatika, wewe unatia nyingine na kuendelea na safari. Yeye alichoka kubadilisha pini akatia msumari wa inchi nne, akaukata, ukakaa sawasawa. Akafurahi miezi miwili. Alipogonga mwamba msumari haukukatika, ikavunjika gia. Hiyo nayo ni "modification". Watu wanaifanya kila siku na hakuna anayeirekodi video.

Sasa impela, maana nimeitaja tangu mwanzo na kuna ambao bado hawajui ni nini. Ni kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa, kimefichwa juu ya giaboksi, chini ya maji. Kikizunguka kinavuta maji ya bahari na kuyapandisha kupoza silinda. Yale maji unayoyaona yakitoka kama mashine inakojoa, hiyo ndiyo dalili kwamba yuko hai. Mpira unachoka, mabawa yanapinda upande mmoja na kukaa hivyo hivyo. Mchanga unayala. Na sisi huku hatuendi kwenye maji ya kina siku zote. Aliyewahi kupita Mkanda maji yakipwa anajua vile mashine inavyosaga tope, na tope hilo linapita ndani ya pampu. Bei ya impela ni ndogo kuliko petroli ya kujaza tangi moja la lita 25. Tangi moja! Na bado ndiyo kitu cha kwanza mtu anachosema "tuiache mpaka mwezi ujao, inshallah".

Kusi iliyopita boti moja ilikuwa inatoka upande wa kisiwa cha Pate kuja Lamu mjini. Ndani kulikuwa na abiria wa kawaida, na mama mmoja mjamzito aliyeanza uchungu, pamoja na mamake. Katikati ya njia mashine ikapunguza sauti, ikanguruma, ikashika. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Mashine ya akiba hakuna, nanga kamba yake fupi, upepo unawasukuma pembeni na mawimbi ya kusi mnayajua. Walivutwa na boti ya wavuvi baada ya muda mrefu, wakafika mjini giza limeingia. Mama na mtoto wako hai, alhamdulillah. Mimi niliijua habari kamili kesho yake asubuhi, mashine ilipoletwa kwetu kwa mkokoteni. Tukafungua pampu. Kwenye impela mabawa mawili ndiyo yaliyobaki.

Mwenye boti si mtu mbaya. Ni mtu wa heshima, anaswali safu ya mbele, anabeba wagonjwa bila nauli. Ami alikuwa amemwambia miezi minne kabla kwamba maji yanatoka kidogo, tubadilishe. Akasema bado inakojoa. Kilichoniuma mimi ni kilichofuata: silinda ilichimbwa, zikawekwa pistoni za saizi inayofuata, ringi mpya, gasketi mpya, na jumla yake ilitosha kununua impela za miaka mingi. Alilipa siku hiyo hiyo, hakubishana hata shilingi. Lakini wiki ile ile mtu mwingine alimpunguzia Ami pesa ya kubadilisha oili ya giaboksi, kwa sababu "hujafanya kitu, umefungua skurubu mbili tu".

Hizo skurubu mbili, ndugu zangu. Ukifungua ya chini oili ikatoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na gia zako zinakaangwa polepole. Mara nyingi chanzo ni mshipi. Uzi wa nailoni unajizungusha nyuma ya propela, unaingia mpaka kwenye sili, unaikata. Wavuvi wote mnanielewa. Kutoa propela na kuangalia nyuma yake ni kazi ya dakika kumi, haihitaji hata fundi, inahitaji koleo na kipini kipya cha kufungia nati.

Watu huniambia, "lakini kitabu kimesema kila miezi sita". Soma mstari wote. Vitabu vingi vya mashine hizi vinasema oili ya giaboksi ibadilishwe kila saa 100 au kila miezi 6, lipi litatangulia. Mtu wa Ulaya anayekwenda kuvua Jumapili, miezi sita itamkuta kabla ya saa 100. Boti ya abiria ya huku inafanya kazi saa nne kwa siku, siku 25 imemaliza saa 100. Hata mwezi haujaisha! Kitabu hakikosei, sisi ndio tunaosoma kalenda badala ya kuhesabu saa.

Plagi nazo zinazungumza. Itoe baada ya safari ya gesi kubwa, usiifute. Rangi ya kahawia hafifu kama chai ya maziwa, mashine ina raha. Nyeupe kabisa, inaungua kavu, petroli haitoshi au hewa inaingia mahali. Nyeusi yenye mafuta, oili au petroli imezidi, au plagi imekufa. Na chumvi: ukirudi, ipe mashine maji ya kisima, ndoo au pipa, iendeshe dakika chache. Najua maji matamu yana taabu visiwani. Lakini chumvi inayokauka kwenye njia za maji inakuwa jiwe, na jiwe hilo hakuna impela mpya itakayolisukuma.

Kama mashine imezama, fanya kinyume cha unavyofikiria. Kinachoila kwa haraka ni hewa ikikutana na chumvi iliyobaki ndani. Kama fundi hayupo mpaka kesho, izamishe yote kwenye pipa la maji matamu, iache humo. Kama uko tayari kufanya kazi, ioshe kwa maji matamu, toa plagi, igeuze matundu yaangalie chini, vuta kamba polepole maji yatoke. Ukisikia inakwaruza, simama, kuna mchanga ndani. Isipokwaruza, tia oili kwenye silinda, safisha kabureta, rudisha plagi na uiwashe siku hiyo hiyo. Mashine iliyokaa siku tatu kwenye baraza "ikikaushwa na jua" inakuja kwetu ikiwa chuma chakavu chenye jina zuri.

Mabadiliko ninayoyaunga mkono ni machache na hayana mvuto wa video. Filta ya kutenganisha maji na petroli kati ya tangi na mashine, iweke. Kipande kipya cha zinki, kwa sababu kile cha zamani kimeliwa badala ya giaboksi yako. Na ile kamba ya kuzima mashine nahodha akianguka. Mashine nyingi kuukuu hazikuja nayo, na zilizokuja nayo watu wamefunga swichi kwa waya. Kuongeza hiyo ni kazi ya umeme ndogo sana. Propela inayozunguka bila mtu usukani, na watu majini, sitaki kuielezea.

Nirudi kwa pesa, maana hapo ndipo tatizo lilipo. Fundi wa huku anakula pale mashine inapokufa. Mashine zikiwa nzima mwezi mzima, yeye halali njaa kwa sababu ya uvivu, ni kwa sababu tumepanga hivyo. Halafu tunashangaa vijana hawataki kujifunza, wanapanda bodaboda. Ami ana wanafunzi wawili, mimi nikiwa mmoja wao. Anachokijua hakijaandikwa popote. Anaweza kusikia boti ikiwa bado mbali na akakwambia silinda ya juu haipigi. Akiondoka, Mungu ampe umri, sisi tutabaki na mashine na video za watu wa nchi nyingine.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila safari, mwenye boti atenge thamani ya nusu lita ya petroli. Iwekwe kwa pamoja, chini ya BMU au kikundi cha manahodha wenyewe, na fundi alipwe kila mwezi kukagua, si kufufua. Kila boti iwe na daftari: saa, oili, impela, plagi, tarehe na sahihi ya fundi. Abiria naye awe na haki ya kuuliza "daftari liko wapi" kama anavyouliza nauli ni ngapi.

Manahodha sita wamekubali kujaribu kwa miezi mitatu. Ami anasema atafikiria, na kwa Ami hiyo maana yake ndiyo lakini kwanza mumuombe vizuri. Tunakutana Ijumaa baada ya swala, pale kwenye banda letu karibu na ukuta wa bahari. Mwenye boti aje na mashine yake ilivyo, asiioshe, asifute plagi. Daftari nitaleta mimi.